Karatasi za Kupigia Pasi

Ng'ambo, Tabora
9 Februari 2025

Julieth mwanangu,

Barua zako zilifika. Zote saba. Ya kwanza niliipokea mwezi wa nane 2019, ya mwisho mwezi wa kumi na moja 2021. Nilizifungua mimi, nikazisoma mimi, nikazifungia kwenye sanduku langu la bati. Mama yako hakusomewa hata moja.

Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu, kosa ambalo mwanafunzi wangu angelikatiwa alama. Lakini najijua. Nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Tangu mwaka jana nimekuandikia mara nne kwa mtindo huo, na mara zote nne nilifika mwisho wa ukurasa nikiwa bado naulizia mavuno.

Sasa salamu. Hujambo wewe? Hajambo Mfaume, hajambo mtoto? Sisi hapa tupo. Nimetimiza miaka themanini na moja mwezi uliopita. Miguu imejaa maji na daktari amesema moyo umechoka. Alilisema polepole, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba basi limeshaondoka. Advera, jirani yetu wa ukuta mmoja, ndiye anayenipikia, na ndiye atakayeipeleka barua hii posta. Mwaka huu masikio nayo yamekufa kabisa. Simu kwangu ni sawa na kipande cha sabuni, ndiyo maana naandika. Mama yako mdogo Gaudensia yuko Puge, anasema mpunga umekosa mvua ya mwisho.

Ndani ya bahasha utakuta barua zako tatu. Nne sikuziona. Nyumba hii ina mchwa.

Siku ile ya matanga ya mama yako uliniuliza mbele ya watu, nami nikakujibu, "Barua gani?" Jibu hilo limekaa nami kuliko maumivu ya miguu. Siombi msamaha kwa karatasi. Nilitaka ujue kwamba uliandika, na kwamba posta haikukukosea.

Mjomba wako,
Raymundi


Ujiji
30 Machi 2025

Mjomba Raymundi,

Bahasha yako ilikaa wiki tatu dukani kwa mtu anayetupokelea barua. Ilipofika mkononi mwangu ikakaa wiki nyingine mbili juu ya kabati. Mfaume aliniuliza, "Hiyo ni barua au ni nyoka?"

Sisi ni wazima. Mfaume anaendelea kuziba matairi palepale njia panda. Asmahani ana miaka mitano, ameanza darasa la awali, anaandika jina lake lakini herufi ya s anaigeuza. Leo watu wamepanda juu kuutazama mwezi. Ukionekana, kesho ni Idi. Nimekaa jikoni na unga wa maandazi mikononi, nimeamua niandike sasa, nikisubiri nafasi nzuri haitakuja.

Wewe ulikuwepo, Desemba 2018, umekaa kwenye kiti chako cha kamba. Nilisema nimefunga ndoa bomani na Mwislamu wa Ujiji. Mama hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akasema, "Usikanyage hapa mpaka nikuite mwenyewe." Uliyasikia maneno hayo kama nilivyoyasikia mimi. Sikukanyaga.

Nilifanya kama ulivyotufundisha tangu tukiwa wadogo, kwamba katika ukoo wetu mtoto aliyekosana na mama yake haendi kujisemea. Hupitia kwa mjomba. Ulikuwa unasema mjomba ni mlango wa uani wa nyumba ya mama. Basi nikabisha mlango wa uani mara saba. Namba yangu ya simu niliiandika chini ya kila barua. Laini yako ilizimwa walipotaka zisajiliwe kwa alama za vidole, na mama hakuwa na simu. Ya saba nilisema nisipojibiwa nitajua nimekataliwa. Nikajua nimekataliwa.

Kifo chake nilikisikia kwa mchuuzi wa vitenge aliyetoka huko. Nilifika siku mbili baada ya mazishi. Mama mdogo Gaudensia akaniambia mbele ya wanawake wote, "Kumbe njia unaijua! Sisi tulidhani reli imeng'olewa." Mmoja akacheka. Nikakuuliza wewe habari za barua zangu, mjomba, nikikulilia kwa macho useme neno. Ukasema, "Barua gani?"

Nina maswali mawili. La kwanza: kwa nini? La pili: je, mama aliniita? Hata kwa mdomo, hata mara moja, hata kwa hasira. Ukiona huna nguvu ya kujibu yote, jibu hilo la pili. Mengine nenda nayo.

Julieth


Ng'ambo, Tabora
2 Mei 2025

Julieth mwanangu,

Marahaba. Hukuniamkia, lakini nimeitikia. Mzee huitikia hata asichosikia.

Poleni na mfungo, na hongera kwa Idi. Mwambie Asmahani asihangaike na hiyo herufi. Wanafunzi wangu wengi waliigeuza, na baadhi yao leo wanatia saini kwenye hati za mahakama. Mimi nililazwa siku tano, wakanitoa maji, wakaniruhusu. Advera naye aliuguliwa na mjukuu, kwa hiyo barua ilisubiri mtu wa kuipeleka.

Umeuliza kwa nini. Mama yako alikuwa na presha. Niliogopa barua zitamshtua, mshipa ukapasuka. Nilijiambia nitangoja apoe. Na barua iliyokawia haisomeki tena kirahisi, maana kabla hujaisoma sharti ueleze ilikuwa wapi. Nilikuwa nikiwafundisha watoto habari za njia yetu hii ya misafara, jinsi barua zilizotoka pwani kwenda Ujiji zilivyokuwa zikilala hapa Unyanyembe miezi mingi, mara kwa sababu ya vita, mara kwa sababu mtu mmoja hakupenda zifike. Darasa lilikuwa linacheka. Nami nilicheka nalo.

Acha nikwambie alivyoishi, kwa kuwa hukuwepo.

Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Ng'ambo nzima iliziona rambo zake kama mtu anavyoiona nguo iliyochanika mbele ya wageni. Watu walizisukumia mtaroni. Mama yako akatoka na fimbo na gunia, akaziokota. Alizifua kwenye beseni, akazianika juu ya ua wa michongoma hadi nyumba ikaonekana imetuliwa na kundi la yangeyange. Majirani walisema Mektilda amerukwa na akili kwa sababu ya binti yake. Yeye akasema, "Waache. Mwenye kichaa ni yule anayetupa kitu kisichooza."

Zikikauka alikata mikono na mshono wa chini, akazilaza sita sita, karatasi chini na karatasi juu, kisha akapitisha pasi ya mkaa. Pasi ikizidi moto plastiki hujikunja kama utando wa maziwa, ikipoa, haishikani. Alipima kwa kidole alichokitia mate. Karatasi ndiyo iliyokuwa roho ya kazi, maana bila karatasi plastiki ingeganda kwenye chuma. Nilimpa insha za wanafunzi wangu, marundo ya miaka thelathini ambayo sikuwahi kuwa na moyo wa kuyatupa. Zile sita zikitoka chini ya pasi zilikuwa kitu kimoja, kigumu kama turubai. Akashona mikoba kwa cherehani ya mguu, akatia mikanda iliyokatwa kwenye viroba vya mbolea.

Siku ya kwanza aliyoipeleka sokoni alishikwa na mgambo.

"Mama, hizo ni rambo. Zimekatazwa."

"Rambo ilikufa, mwanangu. Hii ni sanda yake, nimeishona mwenyewe."

"Unanitania?"

"Ninyanyue mimi na gunia la viazi kwa mkoba huu. Ukichanika, nifunge."

Mgambo akajaribu kwa viazi peke yake. Haukuchanika. Juma lililofuata mkewe alikuja nyumbani kununua miwili.

Kwa hiyo alicheka pia, Julieth. Nataka ulijue hilo. Alishona akiimba, mguu wake wa kulia ukipiga cherehani, akinikemea mimi kwa kuacha kikombe kwenye kitambaa.

Swali lako la pili nitalijibu nikipata nguvu.

Mjomba wako,
Raymundi


Ujiji
25 Mei 2025

Mjomba,

Tumeipata. Sisi wazima, ila Asmahani alikuwa na homa, sasa anacheza.

Mama hakuwa na presha mwaka 2019. Alikuwa anabeba ndoo mbili kutoka bombani, moja kichwani na moja mkononi, na huku anagombana na watu njiani. Presha ilimpata 2022. Mama mdogo Gaudensia ndiye aliyenieleza matangani, tena kwa kunilaumu kwamba mimi ndiye niliyeisababisha. Hesabu za miaka ulinifundisha mwenyewe.

Sasa nikueleze jambo. Siku ya kuanua matanga, wakati watu wanagawana nguo, sikupewa kitu, wala sikuomba. Advera alinifuata hadi nje akanipa mkoba mmoja. Akasema, "Chukua huu. Mama yako aliwauzia watu mia, huu akaukatalia. Alikuwa anapenda michirizi yake." Ulikuwa mweupe, wenye michirizi ya buluu kwa ndani. Nilidhani ni rangi ya jina la duka iliyochuja. Nimebebea dagaa mwaka mzima. Nimebebea chupa za mawese. Umenyeshewa na mvua, umekaliwa na mtoto.

Niliposoma habari za karatasi na pasi, niliuosha. Kisha nikaupindua, nikausogeza mbele ya kioo cha kabati.

Mjomba, maandishi yalisimama sawa. Ni mkono wangu. Yanasema: "Asmahani ameota meno mawili ya chini. Ana paji lako la uso, mama, na akinuna ni wewe kabisa." Hapo chini pana kiraka cha mshono, halafu: "kama umesamehe nusu tu, tuma hiyo nusu."

Barua nne zililiwa na mchwa, umeniambia. Mchwa wa nyumba yako wanapiga pasi?

Mfaume alinikuta nimekaa chini mbele ya kabati. Hajui kulaumu huyu mwanaume. Alisema tu, "Mzee huyo anakufa na kitu. Mwulize kabla hakijazikwa naye." Basi nauliza. Ulimpa mama barua zangu azipigie pasi. Kwa nini? Na je, aliniita?

Julieth


Ng'ambo, Tabora
29 Juni 2025

Julieth mwanangu,

Salamu nyingi kwenu nyote, na pole kwa homa ya mtoto. Gaudensia ameniletea viazi vitamu kutoka Puge. Alikaa siku mbili. Sikuweza kumweleza.

Ni kweli, hakuwa na presha. Niliitafuta sababu iliyovaa koti jeupe la daktari, na umeivua. Nitasema iliyo yangu.

Barua yako ya kwanza niliikawisha kwa hasira tu. Mimi pia nilikuwa nimeumia kwa ndoa yako, na nilisema acha angoje kidogo. Ya pili niliisomea mlangoni mwa posta nikiwa nimesimama. Uliandika kwamba Mfaume ameongeza chumba, kwamba mama akikusamehe aje aishi nanyi, kuna ziwa, kuna samaki, hatachota maji mbali. Nilirudi nyumbani nikamkuta mama yako amekaa kwenye kigoda, ananichujia uji wangu, maana wakati huo meno yangu hayakuweza tena mabonge. Getruda mke wangu alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Wanangu wako Dar es Salaam, wananikumbuka Pasaka. Nikamtazama anavyochuja, nikajiuliza akienda Ujiji nani atanichujia uji.

Ndiyo sababu yote. Ningependa iwe kubwa zaidi. Ni bakuli la uji.

Nawe unajua mama yako hakusoma kwa sababu gani. Baba yetu alikuwa na tumbaku ya kusomesha mtoto mmoja. Mimi nikaenda shule ya wamisionari, yeye akabaki kwenye matuta. Kila herufi niliyoijua ililimwa na mikono yake. Kwa hiyo nilipokaa na barua zako mfukoni nilikuwa nimekaa juu ya macho yake mwenyewe.

Habari za pasi ni hivi. Mwaka 2021 mwishoni insha zilikuwa zinakwisha. Zile barua zilinielemea sandukuni, nilikuwa naziota. Kuzichoma niliona ni kama kuchoma mtu. Siku moja alisema, "Kaka, karatasi zimebaki ngapi?" Nikaenda chumbani, nikachanganya barua nne ndani ya rundo la insha, nikampa. Nilijiambia zitatumika zitaungua zenyewe, na mkono utakaoziunguza si wangu.

Sikujua kwamba wino utahama.

Aliniletea kile kipande kikiwa bado cha moto. "Tazama, maandishi yameingia kwenye plastiki. Yanasemaje?"

"Ni insha. Mwanafunzi anaeleza safari ya Urambo."

"Wa kike?"

"Wa kike."

Akakigeuzageuza. "Alikuwa na mkono mzuri. Unafanana na mkono wa mtu ninayemjua."

Nikamwambia miandiko ya wasichana wa shule yote hufanana. Akaenda akaushona ule mkoba siku hiyohiyo, na hakuuza. Alihifadhia humo kitabu cha nyimbo asichoweza kukisoma na rozari yake. Mara mbili nilimkuta ameuinamia, anafuatisha michirizi kwa kidole, kutoka kulia kwenda kushoto, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kuwa hakujua inaanzia wapi.

Nimechoka sana leo. Advera anasema niache.

Mjomba wako,
Raymundi


Ujiji
20 Julai 2025

Shikamoo mjomba,

Nimeirudisha shikamoo, si kwa kuwa yamekwisha. Nimeirudisha kwa kuwa naomba, na anayeomba hutangulia kuamkia.

Habari ya uji nimeisoma mara nyingi. Nilitaka kukuchukia vizuri na umeniharibia, maana najua mtu anavyoogopa kubaki peke yake kwenye nyumba. Ungeniandikia neno moja tu, "Na mimi je?", Mfaume angeongeza vyumba viwili. Sasa hivi tungekuwa tunakuchujia uji wote watatu.

Lakini hujajibu. Hii ni barua ya tatu nakuuliza kitu kimoja, na kila mara unanipa kingine, kizuri, kinacholiza, ili nisahau nilichokuja kuchukua. Ulikuwa unatufanyia hivyo hivyo tukiwa watoto, tukiuliza baba alikufaje unatueleza reli ilivyojengwa.

Mama alisema nisikanyage mpaka aniite. Mimi naishi ndani ya sentensi hiyo mpaka leo. Nikija Tabora kuzuru kaburi, najisikia nimevunja mlango. Asmahani ananiuliza kwa nini hatuendi kwa bibi, namwambia bibi hajatuita. Atakua na jibu hilo, atalirithi.

Kama hakuniita, sema hakuniita. Nitalia mwezi mmoja halafu nitapika. Kisichovumilika ni kutojua. Nakuomba kwa jina lake, usinijibu tena habari za mifuko.

Advera, niliyemwachia namba siku ya matanga, alimpigia Mfaume juzi. Anasema hulali kitandani tena, unalala umekaa. Fanya haraka, mjomba.

Julieth


Ng'ambo, Tabora
10 Agosti 2025

Julieth mwanangu,

Marahaba.

Naandika sentensi chache kwa siku. Advera ananishikia ubao wa kukatia mboga chini ya karatasi. Gaudensia alirudi wiki iliyopita na safari hii nilimweleza habari za barua zako saba. Hakunitukana. Alijifunga kanga vizuri, akanyanyua kikapu chake, akaondoka bila kula. Amesema atakuja Ujiji akuombe radhi kwa maneno ya matangani. Mpokee. Yeye alisema alichokiamini, na aliyemwaminisha ni mimi.

Mama yako alikuita.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, asubuhi. Alikuwa ameshindwa kukaa tangu Jumapili. Masikio yangu yalikuwa bado yanashika kidogo, na yeye alisema kwa sauti ili nisiseme sikusikia. "Kaka, leta kalamu." Nikaleta. Akasema, "Andika. Julieth, mimi mama yako nakuita. Njoo na mtoto kama unaye. Njoo na huyo mume wako, nikiinuka nitampikia mwenyewe, na nyama nitamwita Mwislamu aichinje." Nikadhani amemaliza. Akaongeza, "Andika kwamba nilitaka kukuita tangu mwaka ule wa kwanza, nikawa nangoja uandike wewe kwanza, kwa kuwa mimi ni mama."

Niliyaandika kama alivyoyasema. Akataka kuweka dole gumba. Nikampaka wino wa kalamu, akabonyeza chini ya jina lake. Akauliza, "Utajua ilipo nyumba yao?" Nikasema Ujiji si pori, barua itamfikia. Namba yako ya simu nilikuwa nayo mara tatu, kwenye zile barua zilizobaki sandukuni. Advera alikuwa uani na simu yake. Ungeweza kuisikia sauti ya mama yako kabla chai ya asubuhi ile haijapoa, na kuingia hapa keshokutwa.

Lakini ungeingia na neno lako la kwanza lingekuwa barua. Naye angekuwa bado na pumzi ya kugeuza kichwa anitazame. Nilitaka afe akiwa na kaka.

Mchana niliichoma jikoni ile karatasi yenye dole lake.

Jioni aliniuliza, "Imeondoka?" Nikasema imeondoka. Alhamisi akauliza kama imefika, nikasema itakuwa imefika. Ijumaa alimtuma Advera stesheni, akimwambia ana mgeni tu, kuuliza treni ya Kigoma inaingia lini, akaomba afunguliwe nywele na kusukwa upya. Advera alimsuka amelala. Jumamosi alitaka kitanda kigeuzwe ili auone mlango. Hakula siku hiyo. Kila viatu vilipopita nje alinyanyua shingo, na shingo yenyewe ilikuwa imebaki kama kikonyo. Nilikaa pale kwenye kiti cha kamba nikamwona akifanya hivyo tangu asubuhi hadi jua lilipozama.

Jumapili, tarehe 10, watu walikuwa wamekwenda misa. Tulikuwa sisi wawili. Alikuwa na siku nne za kuishi, ingawa hakuna aliyejua. Akaniuliza, "Amejibu?"

Sikuweza tena kumwona akiutazama ule mlango. Nikasema umejibu.

Akasema, "Anasemaje?"

Nikamwambia umesema huji.